Tingatinga, Bwawa na Mbuga: Majina ya Mandhari kutoka Kileleshwa hadi Hifadhi ya Taifa ya Nairobi

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi, dhana ya mandhari hupewa muda mfupi mno. Baada ya maudhui, dhamira, wahusika na mtindo kuchambuliwa kwa kina, mwanafunzi huelezwa kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi husika hutokea, naye hunakili maelezo hayo na kufunga daftari. Katika mtihani ataandika kwamba mandhari ya riwaya fulani ni "mjini na mashambani", na atapewa alama zake. Ni nadra kuulizwa mji upi ulio bondeni au mlimani, unywao maji ya mto au ya kisima, wala iwapo uwanda unaotajwa hukauka au hufurika.

Makala haya yanashikilia kwamba majina ya Kiswahili ya ardhi na maji hufanya kazi kubwa kuliko kutambulisha mahali. Ndani yake mna habari kuhusu tabia ya maji, asili ya mahali (iwapo pameumbwa au pametengenezwa), na mamlaka ya anayepasimamia. Tunapoyachanganya majina hayo tunaitupa habari hiyo, na hasara si ya mhakiki pekee. Ili hoja isibaki hewani, mifano imetolewa katika eneo ambalo wasomaji wengi wa jarida hili wanaweza kulifikia kwa miguu au kwa matatu: Kileleshwa na mito yake ya Kirichwa, Bustani ya Miti iliyo jirani yake, na kisha Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyo kusini mwa jiji.

Mandhari ya insha

Kila aliyewahi kufundisha Kiswahili katika shule ya upili anaifahamu mandhari ya insha. Jua la matlai huchomoza, majogoo huwika, umande humeremeta majanini, ndege huimba nyimbo tamu, na upepo mwanana huvuma. Mambo haya hutokea Kisumu, Garissa na Kileleshwa kwa namna ile ile, siku ile ile. Mandhari hii haina udongo. Haina jina la mti hata mmoja, na ndege wake ni "ndege" tu.

Sibezi tamathali hizo. Zina kazi yake, na mwanafunzi huanza kwa kuazima kabla ya kumiliki. Hata hivyo, tatizo hujitokeza pale anapotakiwa kueleza mahali halisi. Katika insha za kidato cha tatu nilizopata kuzisahihisha, zilizohusu ziara ya kwenda kuwaona wanyama Nairobi, mwandishi mmoja alisema simba alikuwa amejificha "katika msitu mnene uliotapakaa mbugani". Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari. Lakini msitu na mbuga ni mahali pawili tofauti, na Hifadhi ya Nairobi inavyo vyote viwili, kila kimoja na upande wake, udongo wake na wanyama wake. Mwanafunzi yule alikuwa ameviona vyote kwa macho yake. Lugha aliyofundishwa ndiyo iliyoviunganisha kuwa kitu kimoja.

Kileleshwa na bustani yake

Jina Kileleshwa lenyewe linafanana mno na leleshwa, neno la Kimaasai linalotaja kichaka cha majani ya kijivujivu yenye harufu kali ya kafuri, kinachoota kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya. Siku hizi kichaka hicho ni cha kutafutwa Kileleshwa. Nyumba za ghorofa moja zilizozungukwa na bustani pana zimepisha majengo marefu ya makazi, na matangazo ya kuyauza hayakosi kutaja "kidimbwi cha kuogelea". Msomaji kutoka Dar es Salaam angetarajia hapo "bwawa la kuogelea". Tofauti hiyo ndogo kati ya Kenya na Tanzania tutairejelea baadaye, maana inafungua mlango wa suala kubwa zaidi.

Baina ya Kileleshwa na Ikulu ya Nairobi kuna Bustani ya Miti ya Nairobi, ambayo wengi huiita Arboretamu. Ilianzishwa mwaka 1907. Lengo la awali halikuwa matembezi wala picha za harusi. Reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, ilikula kuni kwa pupa, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingeweza kukua upesi katika nyanda za juu. Mwaka 1932 bustani hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu. Leo ina ukubwa wa takriban hekta 30 na zaidi ya aina 350 za miti, ya kienyeji na ya kutoka mabara mengine, chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma za Misitu nchini Kenya.

Miti mingi pale ina vibao. Vibao hivyo hutaja jina la kisayansi la Kilatini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayepita hapo anaweza kujaribu zoezi hili: je, ni mingapi kati ya miti hiyo anayoweza kuitaja kwa Kiswahili bila kutumia neno "mti"? Mkaratusi ataujua, na msonobari, na pengine mvinje, kwa kuwa vitabu vya shule huitaja. Kuna mikuyu na migunga. Baada ya hapo wengi wetu hunyamaza. Kimya hicho kina sababu mbili zinazostahili kutenganishwa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kilikulia pwani, na baadhi ya miti ya nyanda za juu ilipata majina kwa Kikikuyu, Kimaasai au Kikamba kabla Kiswahili hakijafika. Hapo si aibu kuazima, na waandishi wa Kenya wamekwisha fanya hivyo: mugumo umeingia katika maandishi ya Kiswahili pamoja na utakatifu wake wote, na muhugu, mti wa mbao ngumu unaopatikana Karura na katika msitu wa Hifadhi ya Nairobi, unatajwa na mafundi na wachongaji bila shida. Sababu ya pili ni uvivu wetu wenyewe, kwani majina yapo ila hatuyajui.

Uvivu huo unadhihirika zaidi kwa wanyama. Wageni wa Bustani ya Miti hupokonywa ndizi na wanyama ambao karibu kila mtu huwaita "nyani" au "ngedere". Nyani ni mnyama mkubwa, mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea chini kwa makundi. Pale bustanini walio wengi ni kima, wenye manyoya ya rangi ya kijivu iliyokoza na doa jeupe shingoni, wanaopenda matawi ya juu ya msitu. Wapo pia tumbili, wenye uso mweusi na manyoya mepesi, wapendao zaidi pembezoni mwa miti, penye nyasi. Ukimtaja kima umekwisha kutaja msitu. Ukimtaja tumbili umetaja ukingo wa msitu. Jina la mnyama ni ramani ya makazi yake, na anayewaita wote ngedere hana ramani.

Mto, chemichemi na tingatinga

Kileleshwa hukatwa na mito ya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, ambayo hatimaye huingiza maji yake katika Mto Nairobi. Si mito mikubwa. Wakati wa kiangazi mtu mzima anaweza kuiruka sehemu nyingine, na angekuwa na haki ya kuiita vijito. Lakini masika yakija, hakuna anayeiita kijito.

Mto Nairobi wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, magharibi mwa jiji. Vyombo vyetu vya habari hupenda neno "chemichemi" kwa maeneo ya aina hii. Utasikia msitu ukiitwa chemichemi ya maji, mlima ukiitwa chemichemi, hata bonde zima. Chemichemi, au chemchemi kama waandikavyo wengine, ni mahali ambapo maji hububujika kutoka ardhini. Neno hili lina uhusiano wa karibu na kitenzi chemka. Anayeita msitu chemichemi ametumia sitiari, na sitiari yenyewe ni nzuri. Ila ikikaririwa hadi ikasahaulika kuwa ni sitiari, huficha jinsi msitu unavyofanya kazi: msitu haububujishi maji. Huyapokea ya mvua, huyapunguzia kasi, huyaacha yapenye taratibu udongoni, na yale yaliyopenya ndiyo hutokea mbali chini yakiwa chemichemi. Kinamasi nacho hufanya kazi nyingine, ya kuyashika maji kama sifongo na kuyaachilia kidogo kidogo. Haya ni mambo matatu, na Kiswahili kina maneno ya kuyatofautisha.

Ondiri si kinamasi cha kawaida. Uso wake ni mkeka mzito wa mimea uliotanda juu ya maji na tope, na anayekanyaga juu yake huhisi ardhi ikitikisika chini ya nyayo. Je, Kiswahili kina neno la mahali pa namna hiyo? Linalo, na ni neno ambalo kila Mkenya hulitamka bila kujua analotamka: tingatinga. Katika matumizi ya zamani, ambayo bado yamo katika kamusi, tingatinga ni mahali pa tope laini panapotikisika, na pia ni daraja la kuning'inia linaloyumba mtu apitapo. Wazo la kutikisika ndilo linaloziunganisha maana hizo mbili.

Leo hii nchini Kenya, tingatinga ni trekta, na hasa ile mashine kubwa ya kusukuma udongo na kubomoa majengo. (Nje ya Kenya neno hili humkumbusha mtu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972 na kuacha mtindo wa uchoraji uliojaa chui, twiga na ndege, lakini hilo ni jina la mtu, na tuliache.) Tazama basi kilichotokea ndani ya neno moja. Maana ya zamani ni kinamasi. Maana mpya ni mashine inayofukia kinamasi. Wanasemantiki wanaweza kutueleza kama hapa pana polisemia au homonimia, kwa maana yawezekana kabisa kwamba jina la mashine lilitokana na mngurumo na mtikisiko wake bila kupitia topeni. Kwa mzungumzaji wa kawaida wa Nairobi matokeo ni yale yale: maana ya pili imeifukia ya kwanza.

Mnamo Agosti 2018 matingatinga yalifika Kileleshwa. Serikali ilikuwa imeanza kubomoa majengo yaliyosemekana kujengwa katika ardhi ya mito jijini, na miongoni mwa yaliyoangushwa mwanzoni kulikuwa na kituo cha mafuta na mkahawa kandokando ya Kirichwa. Watu walikusanyika kutazama. Wahariri wa Kiswahili walihangaika kupata jina la ardhi yenyewe: wengine waliandika "ardhi ya chemichemi", wengine "kingo za mto", wengine "ardhi chepechepe". Kila jina lilidai jambo tofauti. Ukingo ni ukuta wa udongo unaoyazuia maji, na unaweza kuwa na upana wa hatua mbili tu. Ardhi chepechepe ni ile iliyolowa, nayo haina mpaka mmoja kwa mwaka mzima. Miaka sita baadaye, katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Walioathirika zaidi hawakuwa wakazi wa Kileleshwa, bali wa Mathare na mitaa mingine ya mabondeni, ambako nyumba nyingi zilibomolewa wakati wenyewe wangali wanaomboleza. Mtu anayebomolewa nyumba ana haki ya kujua kwa lugha anayoielewa ni ardhi gani aliyoambiwa amekalia. Hapa ndipo msamiati wa mandhari unapoacha kuwa pambo la insha.

Bwawa na ziwa

Turudi kwenye bwawa la kuogelea. Bwawa, kwa asili, ni mahali pa bondeni penye maji yaliyotuama. Baadaye neno hili lilipewa jukumu la kutaja maji yaliyozuiwa kwa ukuta: bwawa la Masinga, bwawa la Kindaruma. Tanzania ina neno jingine, lambo, ambalo aghalabu hutaja shimo kubwa lililochimbwa ili kuwahifadhia mifugo maji ya mvua. Ziwa ni maji mapana ambayo hayakuchimbwa na mtu. Kidimbwi ni kidogo, na dimbwi linaweza hata kuwa la barabarani baada ya mvua. Kwa hiyo tunapoita bwawa ziwa, tunafuta mkono wa mwanadamu, na tunapoita ziwa bwawa, tunampa mwanadamu sifa asiyostahili.

Nairobi haina ziwa. Maji yake yote mapana yametengenezwa, yakiwemo yale ya Bustani ya Uhuru ambako vizazi vya watoto vimepanda mashua Jumapili. Hata Bwawa la Nairobi, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwenye Mto Ngong karibu na Kibera na Lang'ata ili kuupatia mji maji, halibaki tena katika jina lake kwa urahisi. Mashua za tanga zilizokuwa zikishindana hapo zimeondoka. Tope limejaa, gugumaji limetanda, na aonaye kwa mara ya kwanza hudhani ni uwanda wa majani. Kwa maana mpya ya neno, ya ukuta na maji yaliyozuiwa, bwawa hilo limeharibika. Kwa maana ya zamani, ya bonde lenye maji yaliyotuama, limerejea kuwa bwawa.

Hali ni tofauti katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Huko mabwawa yaliyojengwa na watu yamekuwa makazi ya kweli. Ndege wa majini hutua, mamba hujianika, na wanyama wa uwandani hushuka kunywa wakati mito midogo imekauka. Hakuna sababu ya kuyaonea haya mabwawa hayo kwa kuyaita "maziwa madogo", kama zifanyavyo baadhi ya tafsiri za vipeperushi vya watalii. Mkono wa mwanadamu mara nyingine hujenga makazi, na neno sahihi ndilo linaloruhusu jambo hilo lionekane.

Mbuga

Sasa tufikie neno ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wakenya wengi huita eneo lolote la kuhifadhia wanyama "mbuga": Mbuga ya Tsavo, Mbuga ya Nairobi, mbuga ya wanyama. Watanzania rasmi husema hifadhi: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na shirika linalohusika huitwa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Wana pia Pori la Akiba na Pori Tengefu, kila moja likiwa na sheria zake kuhusu nani aruhusiwe kuwinda, kulisha mifugo au kuishi.

Majina hayo ya Kitanzania hutaja hadhi ya kisheria. Mfano bora ni ule wa mwaka 2019, wakati sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mto Rufiji haukuhama. Tembo hawakujua. Kilichobadilika ni neno, na pamoja na neno, kile ambacho binadamu anaruhusiwa kufanya pale. Tukumbuke pia kwamba hifadhi limetoholewa kutoka Kiarabu na kwamba kuhifadhi ni pia kuweka moyoni, kama mtu anavyohifadhi Kurani au shairi. Neno hili hueleza kitendo cha mwanadamu, kama kwamba ardhi nayo hukaririwa isisahaulike.

Mbuga ni neno la aina nyingine kabisa. Hueleza ardhi yenyewe. Kwa asili ni uwanda ulio wazi, wenye nyasi, na katika sehemu nyingi za Tanzania bara ni hasa bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hutwama maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wataalamu wa udongo wamelichukua neno hilo la Kiswahili na kulitumia katika maandishi yao ya Kiingereza, kwa sababu walilikuta likiwa na maana bayana. Ni ajabu iliyoje kwamba wataalamu wa udongo wanalitumia neno letu kwa uangalifu kutuzidi sisi wenye lugha.

Je, Hifadhi ya Nairobi ni mbuga? Ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini Kenya, na ina ukubwa wa kilomita mraba 117. Upande wa magharibi, ulio juu zaidi, kuna msitu mkavu wa nyanda za juu, wenye muhugu na miti mingine ya kienyeji. Huo si mbuga kwa namna yoyote ile. Kutoka hapo ardhi hushuka kuelekea mashariki na kusini. Katikati kuna mabonde na magenge yenye vichaka, ambamo chui na pongo hujificha. Kusini kabisa Mto Mbagathi huwa mpaka, na kandokando ya maji kuna migunga mirefu yenye magome ya manjano. Huko mna viboko. Lakini sehemu kubwa iliyobaki, ule uwanda ambao picha zote huuonyesha ukiwa na twiga mbele na majengo marefu ya jiji nyuma, uko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika hunasa magari. Kiangazi hupasuka nyufa. Juu yake huota migunga mifupi yenye vifundo vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, na upepo ukipita katika vitundu hivyo hutoa mluzi. Huo ni mbuga halisi, kwa maana ile ya zamani kabisa.

Kwa hiyo wanaosema "Mbuga ya Nairobi" wana haki nusu. Wamelipatia uwanda jina lake la kweli, kisha wakalifunika juu ya msitu, magenge, mto na mabwawa hadi vyote vikatoweka. Rai yangu ni kwamba tuyatumie maneno yote mawili, kila moja mahali pake: hifadhi kwa eneo zima lililotengwa kisheria, na mbuga kwa uwanda uliomo ndani yake. Najua wapo wahadhiri watakaopinga kwa hoja kwamba matumizi ya wengi ndiyo sheria ya lugha, na kwamba mbuga tayari limepanuka maana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini upanuzi wa maana hugharimu, na mhakiki anapaswa angalau kuijua gharama yake.

Gharama hiyo huonekana kusini mwa hifadhi. Mbuga ya asili haikuishia mtoni. Huendelea hadi Kitengela na nyanda za Athi na Kapiti, na ndiko nyumbu na punda milia walikokwenda mvua iliponyesha, wakarudi ndani ya hifadhi kiangazi kilipowakausha. Pande tatu za hifadhi zina ua. Kusini pameachwa wazi kwa sababu hiyo. Katika miongo ya karibuni mashamba, nyumba, viwanda na ua binafsi vimeijaza nafasi hiyo, na nyumbu wanaohama wamepungua mno. Anayeamini kwamba mbuga ni kile kilichomo ndani ya ua atadhani mbuga ingali salama, maana ua bado upo. Anayejua kwamba mbuga ni ardhi, na hifadhi ni sehemu yake tu, ataelewa mara moja kwamba hifadhi inaweza kubaki na mbuga ikafa. Vilevile atakumbuka kwamba kabla ya 1946 uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai, waliolazimika kuondoka. Kwao palikuwa mbuga na nyumbani. Hifadhi ilikuja baadaye.

Nyika, au nani anayetazama

Maji ya Kirichwa hayaishii Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi hupokea maji ya Mto Tsavo na kuitwa Galana. Galana hufika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi ukiwa unaitwa Sabaki. Kwa hiyo tope linalotoka mitaani mwetu wakati wa masika husafiri kuelekea pwani ile ile ambako Kiswahili kilitoka kilipoelekea bara.

Kati ya Athi na Sabaki mto hupita katika eneo ambalo Waswahili wa pwani waliliita nyika. Nyika ni pori kavu, lenye vichaka na miiba, lisilo na maji ya kutegemewa. Lakini tofauti na mbuga, ambalo hueleza udongo, nyika hueleza pia mtazamo. Ni neno la mtu aliyesimama mjini, ameegemea ukuta wa mawe, akitazama bara. Ndiyo maana majirani waliokaa upande huo walipewa jina Wanyika, jina ambalo Krapf alilieneza katika maandishi yake ya karne ya 19 na ambalo wenyewe walilikataa, wakajiita Mijikenda. Jina la mandhari liligeuka kuwa jina la watu, na lilikuwa na dharau ndani yake. Tunapokutana na nyika katika ushairi wa kale wa pwani au katika riwaya ya leo, swali la kwanza lisiwe "nyika ni nini?" bali "nani anayeiita nyika, naye amesimama wapi?"

Swali hilo linaweza kuzifungua upya kazi tunazodhani tumezimaliza. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996, Kongowea husafiri kutoka Tanga hadi Kitale. Mara nyingi safari hiyo huhakikiwa kama utafutaji wa baba, na ni sawa. Inaweza pia kusomwa kama safari ya lugha kutoka pwani hadi nyanda za juu, na mwanafunzi akaorodhesha maneno ya ardhi, miti na maji yanavyobadilika kadiri msafiri anavyopanda. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya mwandishi huyo huyo ya mwaka 2012, Amani na Imani wanakunywa maji ya Mto Kiberenge ambayo wenyeji wanayaogopa. Tumezoea kulieleza tukio hilo kwa neno moja, ishara. Lakini kabla mto haujawa ishara ni mto: maji yanayotoka mahali fulani, yanayopita katika ardhi ya mtu fulani, na ambayo mtu mwingine ameamua ni nani ayanywe. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, maji yanayoizunguka Ukerewe ni ziwa la kweli, na atakayeyaita bahari katika karatasi yake ya mtihani amekihamisha kisiwa kizima.

Kwa wenzangu wanaofundisha, napendekeza zoezi ambalo halihitaji nauli kubwa. Wanafunzi waende Bustani ya Miti asubuhi moja, wakiwa na daftari lenye safu tatu. Katika ya kwanza waandike wanachokiona, kwa maelezo marefu kadiri watakavyo. Katika ya pili waandike jina la Kiswahili wanalolijua. Katika ya tatu, jina walilolipata kwa kumuuliza mtu: mlinzi wa misitu, muuza miche wa kando ya barabara, nyanya aliyekaa benchi akipumzika. Lugha ya jina hilo na iandikwe pia. Washuke hadi mtoni kabla ya kuondoka, na wasiandike "mto" mpaka wawe wameamua kama siku hiyo ni mto au ni kijito.